Mkato na rangi ya nywele vinavyokufaa: mwongozo kamili wa kuchagua

Siku ya kwanza karibu kila mkato hupendeza. Nywele zimeoshwa, zimekaushwa na mtu anayekiona kisogo chako vizuri kuliko wewe, na mwanga wa saluni umepangwa kumpendeza kila anayekaa kitini. Mtihani wenyewe uko wiki ya sita. Mizizi imeshaota kati ya sentimita moja na nusu na mbili, ncha zimeanza kuchoka, na asubuhi una dakika kumi tu kabla ya kutoka. Mkato na rangi vinavyofaulu mtihani huo ndivyo vinavyokufaa.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na umbo la uso wala rangi ya ngozi, mambo ambayo wengi huyakimbilia. Unaanza na unywele wenyewe, kisha muda wako, kisha uso, na rangi inakuja mwisho. Mkasi haubadilishi tabia ya nywele, na siku haiongezeki saa kwa kuwa umebadili mtindo. Mkato, kwa upande wake, unaweza kusogezwa sentimita mbili juu au chini ukaufuata uso wowote.

## Hatua ya 1: Zijue nywele zako

Osha kichwa kwa shampuu, usipake kondishona, mafuta wala jeli, kisha acha nywele zikauke zenyewe bila kuzigusa. Hiyo ndiyo hali zitakayoirudia kila utakapokosa muda wa kuzihudumia, kwa hiyo ndiyo ya kupimia.

Kwanza tazama umbo. Wasusi wengi hutumia mfumo wa namba unaotokana na Andre Walker, msusi wa Marekani: 1 ni singa, 2 ni mawimbi, 3 ni mizunguko na 4 ni kipilipili. Herufi a, b na c huonyesha jinsi wimbi au mzunguko unavyozidi kubana. Usihangaike kutafuta herufi kamili. Kichwa kimoja mara nyingi hubeba aina mbili au tatu, kisogoni zimebana na juu ya masikio zimelegea.

Jambo linalogharimu zaidi ni kusinyaa. Chukua kishungi kimoja kikavu, kivute taratibu hadi kinyooke, kipime kwa rula. Kisha kiachie ukipime tena. Tuseme ni sentimita 20 kikivutwa na 8 kikiachiwa. Msusi akikata sentimita 5 nywele zikiwa zimenyooshwa, wewe utaona zimepungua 2 tu zikisinyaa. Kinyume chake ndicho chenye machungu: ukimwonyesha sentimita 5 kwenye nywele zilizosinyaa, kinachoanguka sakafuni ni sentimita 12 na nusu. Nywele huota wastani wa sentimita 1 hadi 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo umeondoa miezi kumi au zaidi kwa neno moja lisilofafanuliwa. Nywele za kipilipili zilizobana sana zinaweza kusinyaa hadi zikabaki robo ya urefu wake, na hapo tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Pili, unene wa unywele mmoja. Chukua uliodondoka, ulaze juu ya karatasi nyeupe kando ya uzi wa kushonea. Ukiwa hauusikii kabisa unapousokota kati ya vidole, ni mwembamba. Ukiusikia wazi kama uzi, ni mnene.

Tatu, wingi, ambao watu huuchanganya na unene. Kama nywele zinafungika mkia mmoja, pima mzingo wa mkia huo: chini ya sentimita 5 ni chache, 5 hadi 10 ni za wastani, zaidi ya hapo ni nyingi. Kama hazifungiki, simama kwenye mwanga wa mchana bila kuzigawa na utazame kama ngozi ya kichwa inaonekana. Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba lakini nyingi mno, na mkato wake hautafanana na wa mwenye nywele nyembamba na chache hata kama wote wawili husema “nywele zangu ni laini”.

Nne, afya. Loweka unywele mmoja, ushike ncha mbili, uvute polepole. Ulio mzima hurefuka kama theluthi moja kisha hurudi. Ukikatika papo hapo, umekauka. Ukirefuka kama mpira uliochoka na usirudi, protini yake imeshavunjika, na nywele hizo hazifai kuguswa na blichi hata kwa dakika tano. Kuhusu kipimo maarufu cha kuutumbukiza unywele katika glasi ya maji uone kama utazama, usikitegemee: mafuta kidogo tu huufanya uelee. Hesabu badala yake dakika ambazo kichwa chako huchukua kulowa na saa ambazo huchukua kukauka. Nywele zinazolowa upesi na kukauka upesi hunywa rangi haraka na kuiachia haraka.

Mwisho wa hatua hii, pitisha vidole kwenye ngozi ya kichwa. Vidonda, magamba mazito, au kingo za paji zilizorudi nyuma kwa sababu ya misuko ya kubana ni mambo ya kumpelekea daktari wa ngozi kabla ya kufikiria rangi. Tafuta pia kizingo, yaani mahali nywele zinapoota kwa kuzunguka utosini au kusimama kwenye paji. Kizingo cha paji ndicho huharibu nywele za kufunika paji: unakata zilale, zenyewe zinasimama.

## Hatua ya 2: Hesabu muda wako kwa ukweli

Andika majibu ya maswali haya kwa kalamu, kwa sababu kichwani kila mtu ni mwenye bidii kuliko alivyo:

- Asubuhi unazipa nywele dakika ngapi, si siku ya sherehe, bali siku ya kawaida?
- Unaosha mara ngapi kwa wiki?
- Unatoka jasho la mazoezi, unaogelea, unavaa kofia ngumu au kitambaa cha kichwa kila siku?
- Uko tayari kurudi saluni kila baada ya wiki ngapi?

Jibu la mwisho peke yake huondoa nusu ya mitindo mezani. Fedi, yaani mkato unaofifia kandokando, ikinyolewa karibu na ngozi hupoteza sura ndani ya wiki 2 hadi 3. Mkato mfupi wa mkasi hudumu wiki 4 hadi 6, bobu inayoishia kwenye taya wiki 6 hadi 8, nywele ndefu zenye ngazi (tabaka za urefu tofauti) wiki 10 hadi 12. Nywele za kufunika paji zinadai kupunguzwa kila wiki 2 hadi 4, maana sentimita moja tu huzifikisha machoni. Wengi hudhani nywele fupi ni kazi ndogo. Asubuhi ni kweli, lakini kwenye kalenda ni kinyume: kadiri mkato ulivyo mfupi, ndivyo unavyodai kurudiwa mapema.

Anayefunga nywele nyuma kila siku kwa sababu ya kazi asikate ngazi za mbele fupi kuliko kidevu. Zitachomoka kwenye kibanio na kumwangukia usoni siku nzima. Anayevaa kofia ngumu au kitambaa atafute mkato unaorudi mahali pake kwa kupitisha vidole tu. Anayeogelea na anataka rangi nyepesi ajue kwamba ule ukijani unaojitokeza huletwa na shaba iliyomo majini, ambayo hunaswa na nywele zilizochujwa rangi kwa blichi. Kuzilowesha kwa maji safi na kupaka kondishona kabla ya kuingia bwawani hupunguza kinachonyonywa.

## Hatua ya 3: Uso, shingo na mahali mkato unapokomea

Vitabu vingi hugawa nyuso kuwa za yai, duara, mraba, moyo na ndefu, kisha kila moja hupewa orodha yake. Mgawanyo huo unasaidia kidogo, lakini nyuso nyingi haziingii kwenye kisanduku kimoja. Kanuni yenye nguvu zaidi ni hii: jicho la anayekutazama hutua pale mstari wa nywele unapokoma. Bobu ikiishia sawasawa kwenye pembe ya taya, taya huonekana pana. Ishushe sentimita 2, jicho linahamia shingoni. Ipandishe sentimita 3, linahamia kwenye mashavu. Chagua kwanza sehemu unayotaka ionekane, ndipo uchague urefu.

Simama mbele ya kioo nywele zikiwa nyuma na ushike karatasi nyeupe iliyonyooka, ukingo wake ukigusa uso pembeni. Ishushe taratibu kutoka kwenye shavu hadi kwenye bega na utazame uso unavyobadilika. Utaona mahali pawili au patatu panapokupendeza mara moja, na pengine mahali pamoja panapokuongezea miaka. Pima umbali kutoka kwenye ncha ya chini ya sikio na uandike.

Kuna pia kipimo cha kalamu na rula kinachohusishwa na msusi John Frieda wa Uingereza. Laza kalamu chini ya kidevu sambamba na sakafu, simamisha rula kutoka kwenye ncha ya chini ya sikio ikishuka wima, usome zinapokutana. Ikiwa chini ya sentimita 5.7, nywele fupi zina nafasi kubwa ya kukukaa; ikizidi, ndefu zaidi. Kichukue kama dokezo tu. Mwenye sentimita 6 na shingo ndefu anaweza kupendeza sana na nywele fupi.

Uso mpana hupata urefu kwa nywele zilizoinuka utosini na kubana kandokando. Uso mrefu huhitaji kinyume chake, ujazo pembeni usawa wa mashavu, na nywele za paji zikiwezekana. Taya zenye pembe kali hulainishwa na mizunguko au ncha zisizonyooka kama zilizokatwa kwa rula. Kama unavaa miwani, ivae wakati wa kupima na wakati wa kukatwa nywele za mbele, kwa sababu mikono yake husukuma nywele za juu ya masikio nje kwa karibu sentimita nzima. Na usisahau kujipiga picha ya ubavuni. Watu wengi hukuona kutoka upande kuliko wewe unavyojiona.

## Hatua ya 4: Chagua mkato

Nywele nyembamba na chache hupata nguvu kwenye mstari mmoja ulionyooka chini, usiopita mfupa wa bega. Kila ngazi unayoongeza inaondoa nywele kwenye ncha, na ncha za nywele chache zikipunguzwa hubaki kama nyuzi. Nywele nyembamba lakini nyingi hubeba ngazi ndefu bila shida. Nywele nene na nyingi zinahitaji kupunguzwa uzito kwa ndani, ngazi zikianzia chini ya kidevu. Kuwa mwangalifu na mkasi wa meno. Ukitumika karibu na mizizi, huacha vinywele vifupi vinavyosukuma vile virefu juu, na baada ya wiki tatu kichwa kinakuwa kipana kuliko kilivyoingia saluni.

Nywele za mizunguko zikikatwa urefu mmoja huanguka kama pembetatu: juu bapa, chini zimetanuka. Sababu ni uzito, unaovuta mizizi chini huku ncha zikikosa cha kuzibana. Dawa yake ni ngazi zinazoanzia usawa wa mashavu, mzunguko mmoja mmoja. Wembe uepukwe hapa, kwani huukata unywele kwa mshazari na ncha hupasuka mapema.

Kwa kipilipili, swali la kwanza ni namna unavyozivaa siku nyingi. Ukizivaa zikiwa zimesinyaa, zikatwe kavu zikiwa katika umbo hilo, msusi akizunguka kichwa na kusimama mbali mara kwa mara kutazama. Ukizivaa zimenyooshwa, zikatwe zimenyooshwa. Kuzikata zikiwa mbichi kisha kuzivaa kavu ni kubahatisha, kwa kuwa upande wa kushoto na wa kulia husinyaa tofauti. Anayetoka kwenye nywele za dawa kurudi asilia ana mpaka unaopaswa kulindwa kuliko kitu kingine: mahali unywele ulioota unapokutana na ule wa rilaksa. Hapo ndipo hukatika. Kuna njia mbili, kukata zote za dawa siku moja au kupunguza sentimita 2 hadi 3 kila wiki 8. Ya pili huhitaji uvumilivu wa mwaka au zaidi na mikono myepesi ya kuchana.

Kwa mikato ya mashine, taja milimita ukiweza. Kitana namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 3 huacha 10 na namba 4 huacha 13. Kama hujui, anza na kirefu. Kushuka kutoka namba 4 hadi 2 ni dakika mbili, kupanda ni wiki tatu.

Kabla ya kuamua, jaribu bila mkasi. Kunja nywele kwa vibanio hadi zifike urefu unaoutaka, jipige picha kwa mwanga wa dirishani, ziache picha hizo siku tatu halafu uzitazame tena. Wigi yenye umbo hilo ni jaribio zuri zaidi. Kujikata mwenyewe kuachwe kwa ncha za mbele tu. Kinyozi hajinyoi, na methali hiyo inatimia kwenye kisogo.

## Hatua ya 5: Chagua rangi

Kina na mwelekeo ni vitu viwili tofauti. Kina ni weusi au wepesi, hupimwa kwa namba 1 hadi 10: 1 ni nyeusi kabisa, 4 au 5 ni kahawia, 7 na 8 ni za dhahabu, 10 ni nyepesi mno. Mwelekeo ni ule mguso wa joto au ubaridi. Ndiyo maana ya namba zilizo kwenye boksi: 6.4 ni kina cha 6 chenye mwelekeo wa shaba. Kwenye mifumo mingi .1 ni jivu, .3 dhahabu, .4 shaba na .0 ni ya kati, ingawa watengenezaji hawafanani wote, kwa hiyo soma maelezo ya boksi lenyewe.

Kupata mwelekeo wako, nawa uso, ondoa vipodozi, simama karibu na dirisha mchana. Weka kitambaa cheupe kabisa upande mmoja wa shingo na cha rangi ya maziwa upande wa pili. Upande ambao ngozi inaonekana tulivu, vivuli vya chini ya macho vikipungua, ndio wako. Cheupe kikishinda, ngozi yako huelekea ubaridi: jivu, nyeusi yenye buluu, zambarau iliyoiva. Cha maziwa kikishinda, chukua shaba, asali, dhahabu. Visipotofautiana, una uhuru. Kipimo cha kutazama rangi ya mishipa ya mkononi husaidia wachache, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hakionyeshi kitu.

Kisha tazama nyusi. Rangi iliyo ndani ya ngazi mbili, yaani namba mbili za kina, juu au chini ya kina chako cha asili hukaa kama ulizaliwa nayo na haihitaji nyusi kuguswa. Ikizidi ngazi tatu, tofauti kati ya nyusi na nywele inaonekana chumbani, na mizizi itakudai kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Usalama na matarajio vyote vinategemea jambo moja: rangi hainyanyui rangi. Boksi la kahawia nyepesi halitazifanya nywele zilizopakwa nyeusi kuwa nyepesi. Litaangaza mizizi ambayo haijapakwa na kuacha zilizobaki zilivyo. Ili kuondoa rangi bandia kunahitajika kiondoa rangi au blichi.

Nywele nyeusi zikiangazwa hazirukii kwenye dhahabu. Hupita nyekundu kwenye kina cha 4, nyekundu ya chungwa kwenye 5, chungwa kwenye 6, njano yenye chungwa kwenye 7, njano kwenye 8, na njano ya ndani ya ganda la ndizi kwenye 10. Unapoona chungwa, hakuna aliyekosea. Umesimama katikati ya safari. Ama unaendelea, ama unaituliza kwa tona (rangi hafifu ya kurekebisha mwelekeo) yenye buluu. Njano hutulizwa kwa zambarau. Mwenye nywele za kina cha 1 au 2 anayetaka jivu la fedha ajue ana safari ya ngazi saba au nane, na kuifanya kwa siku moja ndiko huzaa zile nywele zinazorefuka kama mpira. Igawe vikao viwili au vitatu, wiki 4 au zaidi kati yake. Kwa wengi, shaba na kahawia yenye asali ni uamuzi bora kabisa, kwa sababu zinatumia joto ambalo unywele mweusi tayari unalo, badala ya kupigana nalo kila wiki.

Nguvu ya peroksaidi, dawa inayochanganywa na rangi au blichi ili ifanye kazi, huamua kitakachotokea. Asilimia 3 huweka rangi bila kuangaza kwa maana. Asilimia 6 huangaza ngazi moja hadi mbili na ndiyo hufunika mvi. Asilimia 9 huangaza mbili hadi tatu. Asilimia 12 ni ya mikono yenye uzoefu, na haifai kugusa ngozi ya kichwa pamoja na blichi.

Aina ya rangi nayo ichaguliwe kwa kutazama kalenda. Rangi ya nusu kudumu, isiyochanganywa na peroksaidi, huondoka kidogo kidogo ndani ya miosho 6 hadi 12. Inafaa kwa anayejaribu na kwa nywele za dawa. Ile ya kati, inayochanganywa na peroksaidi hafifu, hufika miosho 20 na zaidi. Ya kudumu haiondoki, hukua tu. Mvi zikiwa chini ya robo, rangi ya kati huzichanganya kwa upole na haiachi mstari mkali. Zikizidi nusu, ni ya kudumu, ukichanganya kiasi cha .0, maana rangi za mitindo, kama .3 na .4, zikiwa peke yake hupita juu ya mvi bila kushika. Nyekundu ndiyo inayokimbia haraka kuliko zote. Anayeosha kila siku asiichague.

Kwa asiyetaka kurudi saluni mara kwa mara, mistari myembamba ya rangi au rangi inayofifia kutoka katikati kwenda chini ni jibu la kweli. Mizizi hubaki ya asili, hakuna mpaka, na unaweza kukaa miezi 3 hadi 5.

## Hatua ya 6: Majaribio mawili yasiyorukwa

La kwanza ni la mzio. Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kuvimbisha uso na kope hata kwa mtu aliyeitumia miaka mingi bila shida. Aliyewahi kuchorwa hina nyeusi mwilini yuko kwenye hatari zaidi. Saa 48 kabla, paka kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko cha ndani kwa kufuata maelezo ya boksi. Muwasho, wekundu au malengelenge maana yake usipake. Na rangi ya nywele haipakwi nyusi wala kope.

La pili ni la kishungi. Kata nywele ishirini hivi kutoka kisogoni chini, zifunge kwa uzi, uzipake mchanganyiko halisi kwenye bakuli la plastiki au kioo, ukitazama kila dakika 5. Utajua rangi itakayotoka, muda wake, na kama unywele utastahimili. Jaribio hili ni lazima kwa aliyepaka hina ya kuchanganywa. Hina safi ya majani huacha chungwa linaloganda, lakini baadhi ya hina za boksi zina chumvi za madini. Zikikutana na peroksaidi hupata moto, hutoa moshi na kukata nywele. Kishungi kikipata joto mkononi, suuza na uachane na mpango huo hadi sehemu hiyo iote na kukatwa. Zenye nili, zikichujwa, zinaweza kubaki kijani.

Nywele za dawa: rilaksa itangulie, rangi ya kudumu ifuate baada ya wiki 2, blichi isiwepo. Na dawa ya kuweka mizunguko yenye kemikali ya thio (thioglikolati) haiwekwi juu ya rilaksa yenye sodiamu haidroksaidi. Hizo mbili haziafikiani na nywele huondoka mikononi.

## Hatua ya 7: Kiti cha saluni

Beba picha tatu za watu wenye nywele za aina yako, moja ikionyesha ubavu. Ongeza ya nne ya kitu usichokitaka. Mara nyingi ndiyo inayoeleweka upesi zaidi. Onyesha urefu kwa kidole juu ya uso wako mwenyewe: “Zikikauka ziishie hapa.” Maneno kama “kidogo” na “ncha tu” hayana kipimo.

Sema historia yote. Nywele za sentimita 30 zimebeba miaka miwili, na rangi ya boksi uliyopaka wakati huo bado iko kwenye ncha. Mficha uchi hazai: ukificha hina ya mwaka jana, blichi itaifichua. Uliza mambo matatu kabla mkasi haujainuliwa: itaonekanaje nikiiacha ikauke yenyewe, nirudi baada ya wiki ngapi, na rangi hii ikipauka inakuwa rangi gani? Swali la mwisho husahaulika sana. Jivu hupauka kuwa njano, kahawia baridi hupauka kuwa nyekundu.

## Ukipaka nyumbani

Tubu ya gramu 60 kwa uwiano wa 1:1.5 huchanganywa na peroksaidi mililita 90, na hutosha nywele za wastani hadi mabegani. Zaidi ya hapo nunua mbili. Gawa kichwa sehemu nne, chukua mistari ya nusu sentimita, kwani mistari mipana ndiyo huacha madoa kisogoni.

Kama unaangaza nywele zisizowahi kupakwa, anza sentimita 2 kutoka kwenye ngozi, subiri dakika 20, ndipo upake mizizi. Joto la kichwa huharakisha kazi, na ukianzia mizizini itang'aa kuliko ncha. Ukirudia rangi, paka mizizi tu, na upitishe kwenye ncha dakika 5 za mwisho. Kuzipaka ncha kwa muda kamili kila mara huzifanya ziive na kuwa nyeusi kila mwezi.

Anayerudi kwenye kahawia baada ya kuchujwa asipake kahawia ya jivu moja kwa moja. Unywele uliochujwa umepoteza joto lake, na jivu juu ya njano hutoa ukijani wa tope. Atangulize dhahabu au shaba, kisha kahawia.

Baada ya rangi, subiri siku mbili kabla ya kuosha kwa shampuu, tumia maji ya vuguvugu, na pasi ya nywele isipite nyuzi 180. Shampuu ya zambarau ni mara moja kwa wiki kwa zilizo njano. Ya buluu kwa zilizo chungwa. Matokeo yakiwa meusi kuliko ulivyotaka, usikimbilie boksi jingine: osha kwa shampuu ya kusafisha kwa kina mara tatu au nne ndani ya wiki ya kwanza, kondishona nzito kila mara, na mara nyingi nusu ngazi hadi ngazi nzima itaondoka yenyewe. Yakiwa na madoa, rudi kwa msusi ndani ya siku 10, ukiwa na boksi au jina la rangi uliyotumia mkononi.